Orodha ya Wanaopanda Juu

Barua ya bima ilifika Jumatatu asubuhi, na kufikia saa nne mke wa Paka alikuwa ameisoma mara tano akitafuta mahali alipokosea kusoma. Hakukosea. Malipo ya mwaka mpya yalikuwa mara mbili na nusu ya yale ya mwaka uliopita.

Alikuwa ameketi kwenye chumba cha mbele cha karakana yao, chumba walichokiita ofisi ingawa kilikuwa na meza moja tu, kabati la faili lisilofunga na makopo ya rangi ya kuzuia kutu yaliyopangwa hadi dirishani. Nje uani mumewe alikuwa akikata mabati. Mumewe alikuwa fundi wa mapaa, na tangu ujana watu walimwita Paka kwa sababu alitembea juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Mafundi wake wanne walimwita bosi usoni, na Paka akishawapa kisogo. Mkewe walimwita Shemeji. Yeye ndiye aliyeshika karatasi zote: mikataba, mishahara, vibali, na hiyo bima.

Mambo yangekuwa nafuu kama barua ingefika wakati mwingine. Wiki mbili kabla walikuwa wamepata kazi ya kuezeka upya majengo matatu ya chuo cha ualimu, kazi ya miezi sita, baada ya msimu mzima wa kuziba matundu kwenye mabanda ya watu. Mkataba ulisema wazi kwamba hakuna fundi atakayekanyaga ngazi mpaka cheti cha bima kiwe mezani kwa mhasibu wa chuo. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Ikipita hapo, kazi inakwenda kwa mkandarasi aliyeshika nafasi ya pili, na huyo alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya misumari.

Sababu ya bei kupanda iliandikwa mwishoni mwa barua kwa maneno machache. Ajali mbili ndani ya mwaka mmoja. Mwezi wa pili bati liliponyoka paani likapasua gari la jirani wa mteja. Mwezi wa sita mmoja wa mafundi wao, anayeitwa Kimya kwa sababu zinazojieleza, alianguka kutoka ukingoni mwa paa akavunjika kisigino. Bima ililipa gari, ikalipa hospitali, na sasa ilikuwa imekuja kuchukua chake.

Alipiga simu kwa kampuni nyingine tatu. Ya kwanza walimuuliza kama amewahi kudai fidia, na aliposema mara mbili, sauti ya upande wa pili ikapoa. Ya pili walimtajia bei iliyozidi ile ya barua. Ya tatu walisema watampigia. Hawakupiga.

Akatoka uani akamwonyesha mumewe ile barua. Paka aliisoma akiwa ameishika kwa ncha za vidole, asiichafue.

"Waambie wapunguze," akasema.

"Baba, hili si soko la nyanya."

"Basi kuna jamaa ninamjua. Ana cheti chake, tunabadilisha jina tunapiga kopi. Mhasibu wa chuo anajua nini?"

"Na Kimya angevunjika kisigino kwa cheti cha jamaa, hospitali angelipa jamaa?"

Paka alirudi kwenye bati lake, akachora mstari kwa chaki, akaukata.

Jumanne mkewe alikwenda kwa wakala aliyewakatia bima miaka yote. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la dawa, ngazi nyembamba, feni inayogonga kila ikizunguka. Wakala alikuwa mtu mzito, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, na hakuonekana kushangaa kumwona.

"Nilijua utakuja, dada yangu. Keti. Umekuja na mkataba wote au barua tu?"

Alikuwa nao wote. Wakala akaufungua, akashusha miwani, akaanza kupitia mstari mmoja mmoja kwa kalamu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya tangu walipousaini mara ya kwanza.

"Hii pikapu bado mnayo?"

"Tuliiuza mwaka juzi."

"Kwa hiyo kwa miaka miwili mmemkatia bima mtu msiyemjua." Akaipiga mstari. "Na hii stoo ya pili?"

"Tulihama."

Akapiga mstari mwingine. Kisha akafika kwenye orodha ya wafanyakazi, akasimamisha kalamu.

"Mmeandikwa watu sita, na wote sita mmeandikwa kwamba mnafanya kazi juu. Hata wewe. Wewe unapanda paa?"

"Mimi nikibadilisha taa ya jikoni nashikiwa kiti."

Wakala alicheka, na yeye akajikuta anacheka pia, kicheko kilichotoka bila ridhaa yake. Mtu anayepanda juu, wakala akamweleza, bei yake ni karibu mara nne ya anayebaki chini. Kila mwaka walikuwa wakimlipia yeye, mke wa fundi, kama vile huwa ananing'inia kwenye kenchi. Akamfuta kwenye orodha. Akamweleza pia kwamba wakikubali kubeba wenyewe hasara ndogo ndogo, bima ikashika zile kubwa tu, bei itashuka tena. Akajumlisha, akageuza karatasi ili aione.

Imeshuka. Lakini bado haikuwa bei wanayoiweza. Hata wangeuza mashine ya kukunja bati, bado.

"Hakuna pengine pa kukata?" akauliza. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Pa kukata hakuna. Pa kupigania papo." Wakala alivua miwani akaifuta kwa shati. "Hawa watu hawaogopi ngazi, dada yangu. Wanaogopa kwamba mmepata ajali mbili ndani ya miezi minne na hakuna anayejua kwa nini. Faili linasema bati liliteleza, fundi aliteleza. Basi. Mwenye bima akisoma hivyo anasema, hawa watateleza tena. Niletee sababu. Na niletee karatasi ya daktari ya kila anayepanda. Nikiwa na hivyo viwili nitakwenda kuwabana."

Jumatano mafundi wanne walikwenda zahanati kwa pamoja, wakitaniana njiani nani atakutwa ana mimba. Paka alisema ana shughuli, atakwenda mwenyewe baadaye. Saa kumi akarudi na karatasi yake, akaiweka mezani bila neno, akaenda kunawa.

Karatasi ilisema mzima wa afya, anafaa kwa kazi za juu. Ilikuwa na sahihi na mhuri wa buluu. Mkewe aliipanga pamoja na zile nne, akaona kitu, akaitoa tena. Zile nne zilikuwa na tarehe ya leo. Hii ilikuwa na tarehe ya Jumatatu. Jumatatu mumewe alishinda uani akikata mabati mbele ya macho yake, na siku hiyo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na habari ya kupimwa. Aliyegonga mhuri hakujisumbua hata kugeuza tarehe.

Akakaa na ile karatasi mkononi, na mambo aliyokuwa ameyapuuza yakaanza kujipanga yenyewe. Mara mbili alikuwa amemkuta mumewe ameshika fremu ya mlango wa bafu kwa mikono yote miwili, ameinamisha kichwa. Mara ya kwanza alisema ni njaa. Mara ya pili alisema ameinuka haraka. Siku moja alikuwa anafunga kamba za viatu akaanguka ubavu, watoto wakadhani anacheza, naye akajifanya anacheza.

Hakumwuliza kitu. Aliogopa atajibiwa uongo mwingine, na yeye atauamini kwa sababu alikuwa na haja ya kuuamini.

Alhamisi alifika karakana mapema, kabla ya wote isipokuwa Kimya, ambaye siku zote ndiye aliyefungua geti. Alimkuta anapaka grisi kwenye drili. Bado alikuwa akichechemea kidogo.

"Shemeji, siku ile ulianguka vipi?" akamwuliza.

"Niliteleza, Shemeji."

"Kwenye bati kavu? Mwezi wa sita?"

Kimya aliendelea kupaka grisi mahali palipokwisha kupakwa. Mwanamke akavuta ndoo, akaigeuza kifudifudi, akaketi mbele yake.

"Siondoki hapa. Na kesho saa kumi kazi inakwenda kwa watu wengine, sote tunamwaga unga, wewe na mimi na yeye. Niambie."

Ilichukua muda. Kimya hakuwa mtu wa maneno, na yale aliyokuwa nayo aliyatoa moja moja kama mtu anayeng'oa misumari.

"Alisimama katikati ya kenchi. Akafumba macho. Nikaona anainama upande wa nje. Nikamrukia, nikamvuta mkanda. Yeye akabaki. Mimi nikaenda."

"Na lile bati lililopasua gari?"

"Lilikuwa mikononi mwake."

"Kwa nini hukusema?"

"Aliniomba." Kimya akaweka drili chini. "Yule kanipokea hapa sijui hata kushika nyundo. Ningesemaje?"

Mke wa Paka aliinuka kutoka kwenye ile ndoo. Miezi mingapi amekuwa akimfungia mumewe chakula asubuhi na kumtuma akafe? Na huyu kijana wa watu amevunjika mguu, akalala hospitali wiki tatu akitazama dari, na yeye mwenyewe alikwenda kumwona na matunda, akamwambia awe anaangalia anapokanyaga. Alitaka kumpiga mumewe. Alitaka pia kumkimbilia amshike kiuno asimwachie.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua mkoba wake akaenda kwa wakala. Ndani ya mkoba zilikuwa karatasi tano za daktari, nne za kweli na moja ya uongo, na njia nzima ile ya uongo ilikuwa kama ina uzito wake peke yake. Akiitoa, bei itashuka. Kazi wataipata. Mumewe atapanda, atafurahi, atamwita tena mama watoto kwa ile sauti yake ya zamani. Kila kitu kitakuwa sawa mpaka siku kitakapoacha kuwa sawa, na siku hiyo atakuwa hana mume, hana karakana, wala hana bima, maana hakuna kampuni itakayolipa kwa karatasi iliyonunuliwa.

Kwenye ngazi nyembamba juu ya duka la dawa alisimama, akaitoa, akaichana mara nne. Vipande alivirudisha mkobani kwa sababu hapakuwa na pipa. Kisha akapanda ngazi zilizobaki.

Wakala alichukua orodha mpya, akaisoma.

"Wanaopanda, wanne. Wasiopanda, wawili. Wewe na..." Akainua macho. "Fundi mkuu hapandi?"

"Ana kizunguzungu. Ajali zote mbili zimetokana na yeye. Nimejua leo asubuhi."

Wakala aliweka kalamu chini.

"Unajua nikiandika hivi wanaweza kuwakataa moja kwa moja?"

"Andika."

"Na wanaweza kuuliza habari ya fidia waliyokwisha kulipa. Kwa nini haikusemwa."

"Wewe si ulisema nikuletee sababu? Ndiyo hiyo. Sina nyingine." Alikuwa ameubana mkoba kifuani kwa mikono miwili. "Andika, kaka yangu, kabla sijabadili mawazo."

Wakala akashusha miwani, akaandika.

Ijumaa hakuna simu. Saa tatu hakuna, saa tano hakuna. Mafundi walikuwa wamekaa uani juu ya magogo, hakuna aliyetaniana. Paka alizunguka akikagua kamba ambazo alikuwa amezikagua jana. Mkewe aliiweka simu mezani mbele yake, akaitazama hadi akaanza kuichukia. Saa saba alimpigia wakala, akaambiwa faili liko kwa mkubwa, mkubwa yuko kwenye kikao. Alikwenda msalani akafungulia bomba la maji ili wasimsikie, akalia, akanawa uso, akarudi.

Saa nane na nusu simu ikaita.

Wamekubali. Bei ilikuwa juu kidogo tu ya ile ya mwaka uliopita, kwa masharti. Hasara ndogo ni juu yao. Kila anayepanda afungwe kamba, na kamba ipigwe picha kila asubuhi. Na yule aliyetajwa asikanyage ngazi hata hatua moja, siku yoyote, kwa sababu yoyote. Akipanda, bima inakufa kwa wote.

Alikimbia benki, akakimbia kwa wakala, akakimbia chuoni. Mhasibu aligonga mhuri saa kumi kasoro dakika sita, akamwambia aketi kidogo apumue.

Aliporudi karakana, Paka alimsoma usoni kabla hajafungua mdomo. Akapiga bati kwa kiganja, mafundi wakainuka, mmoja akaanza kuimba.

"Nilikuambia watapunguza," Paka akasema. "Jumatatu naanza na jengo la kati, lile lenye—"

"Wewe hupandi."

Wimbo ukakatika. Alikuwa amepanga kumwambia faraghani, taratibu, kwa maneno aliyokuwa ameyafikiria njia nzima. Sasa yalikuwa yameshatoka.

"Kimya kaniambia. Na ile karatasi yako nimeichana. Nimewaandikia ukweli, ndiyo maana wamepunguza. Ukikanyaga ngazi, hakuna anayelindwa, si wewe, si hawa."

Paka alimtazama Kimya. Kimya alitazama chini. Kisha Paka akamtazama mkewe, uso mkavu.

"Umeniuza kwa bei ya punguzo," akasema, akatoka getini.

Jumamosi na Jumapili Paka alikula, alijibu watoto, alichomeka shati, lakini kwa mkewe hakuwa na neno. Alihamishia mto wake sebuleni. Shangazi yao alipopita kusalimia, Paka alimwambia kwamba ndani ya nyumba hii kuna watu wawili na ukuta mmoja, na ukuta, yaani yeye, ndio unaolipwa mshahara wa kusimama tu. Hakueleza zaidi, na mkewe hakumsaidia kueleza.

Jumatatu mkewe alifika chuoni saa nne na chai ya mafundi. Mafundi wanne walikuwa juu, kamba viunoni, wameshabandua robo ya paa la zamani na kuanza kupigilia mabati mapya. Na chini, kwenye ngazi, alimwona mumewe. Mguu mmoja ulikuwa kwenye hatua ya kwanza, mikono miwili imeshika pande za ngazi, macho juu.

Chupa ya chai aliishika asiidondoshe.

"Mstari wa tatu umepinda," Paka alikuwa akisema kuelekea juu. "Mnaharibu. Nakuja dakika moja tu, niuweke sawa."

Kimya alichungulia ukingoni. Alikuwa na nyundo mkononi.

"Bosi, ukipanda, mimi nashuka."

"Nini?"

"Nashuka. Na hawa wanashuka." Akangoja kidogo, kwa kuwa sentensi ndefu zilimchosha. "Kisigino kimoja kinatosha."

Paka alibaki vile vile, mguu mmoja chini, mmoja kwenye hatua, na mkewe aliona mgongo wake unavyopanda na kushuka kwa pumzi. Kisha akautoa ule mguu, akautua ardhini. Akaenda akaketi juu ya rundo la mabati, viwiko kwenye magoti, viganja usoni. Mabega yalikuwa yakitikisika. Mkewe aliweka chai chini akaketi karibu naye, si karibu sana.

Baada ya muda, akiwa bado amefunika uso, Paka akasema, "Waambie wafungue msumari wa mwisho upande wa kushoto. Wavute kamba toka kwenye kofia ya paa mpaka chini, wapige upya."

"Waambie wewe. Una sauti."

Akawaambia. Mara ya kwanza sauti ilikwaruza. Mara ya pili ilisikika hadi jengo la pili.

Jumanne asubuhi yeye mwenyewe ndiye aliyesema waende hospitali. Daktari alimlaza, akamgeuza kichwa upande huu na upande ule, akamtazama macho, akauliza hali hiyo imeanza lini. Mkewe alitegemea kusikia mwezi wa pili. Paka alisema mwaka juzi. Tatizo lilikuwa ndani ya sikio, daktari akasema, na dawa zitapunguza. Kupona kabisa hakuahidi. Kurudi juu, akatikisa kichwa hata kabla ya kuulizwa.

Wakatoka wakaketi kwenye benchi la nje kungoja dawa. Bega la Paka lilikuwa limegusa la mkewe na hakuliondoa.

"Unayo ile karatasi ya bima?"

Alikuwa nayo. Paka akaifungua, akaisoma yote, ukurasa baada ya ukurasa, maandishi madogo pia, midomo ikitembea. Alipofika kwenye mstari uliomtaja alikaa hapo muda mrefu. Mkewe alitazama mikono yake, yale makovu ya bati kwenye vidole, akangoja.

"Huyu wakala," akasema mwishowe, "kaandika nina miaka hamsini na tisa."

"Arobaini na tisa."

"Hamsini na tisa, tazama. Au ndivyo ulivyomwambia?"

"Nilikuwa na haraka," mkewe akasema. "Huenda nilimwambia ninavyokuona."

Paka alikunja karatasi, akamrudishia. Hakucheka, lakini alikaa kama mtu aliyekuwa karibu kucheka. Mhudumu wa dirisha la dawa akaita namba yao, na mkewe akainuka kwenda kuchukua.